Namba Isiyoongezeka

Jumamosi, 15 Novemba
Metro, basi, kisha mguu hadi nyumba ya wazee kule Jette, pembeni mwa Brussels. Kama kila Jumamosi. Nimempelekea Sista Godelieve maandazi, ameyamegamega tu. Madaktari wanataka kumfanyia upasuaji wa moyo tarehe 25. Asipofanyiwa, hamalizi mwaka. Amekataa. Mwanamke aliyetufundisha hesabu Tabora, aliyekuwa anaturushia chaki tukisinzia, leo anakata tamaa! Nimeudhika hata chai sikumaliza.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimepata dawa yake. 73939133. Namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Toa tarakimu ya mwisho, inayobaki ni tasa. Toa nyingine, tasa. Hivyo hivyo mpaka ibaki 7. Siku ya wazazi tulisimama wasichana wanane, kila mmoja na tarakimu yake kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kila wa mwisho akikaa, Sista anapaza sauti kuuliza kama bado ni tasa: "Bado?" Ukumbi mzima: "Bado!" Mama yangu hakuwahi kukaa darasani, lakini vigelegele vyake vilizidi vya wote. Jamani, siku zile!
Nitampangia mstari ule. Akiuona atataka kuishi.

Jumatano, 19 Novemba
Watu hawa! Rafiki yangu Zuhura ana wageni. Wanafunzi wana mitihani. Wote niliowaomba wasimame kwenye mstari walisema ndiyo, ndiyo, sasa kimya. Ahadi ni deni, lakini si Brussels. Amebaki Maman Béa, jirani yangu Mkongo hapa Molenbeek: "Bon, tutakuya na bwana yangu. Lakini mambo ya chiffres, ya namba, hapana kuniuliza."
Watatu tu. Nimelia jikoni. Halafu nikacheka peke yangu. Mjinga mimi! Tuwakate wa mwisho. 739 nayo ni tasa.

Jumamosi, 22 Novemba
Tulisimama mbele ya kitanda. Mimi 7, Maman Béa 3, mumewe 9. Sista akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha, kwa sauti nyembamba: "Bado?" Tukaitikia "Bado!" hadi muuguzi akaja mbio. Sista alicheka mpaka akatokwa machozi.
Nikadhani nimeshinda. Nikautaja upasuaji.
Akaniuliza, kama darasani, baada ya ile 3 ya mwisho, ya msichana wa nane, tuliongeza nini. Nikajibu kabla sijafikiri: hakuna. Tulijaribu tarakimu zote. Ukiongeza yoyote, namba inagawanyika.
"Nami nimefika hapo, mwanangu. Usiniongezee."
Nilimchukia. Kweli kabisa, nilimchukia. Njia nzima Maman Béa alinishika mkono.

Jumanne, 25 Novemba
Leo ndiyo ingekuwa siku ya upasuaji. Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Jette. Mvua. Sikubishana naye. Nimemkata kucha, nimempaka mafuta miguuni. Ngozi imekuwa laini, nyepesi sana. Aliuliza kama Tabora maembe yameanza kuiva. Nikamwambia yameanza. Akalala.