Shimo Kwenye Malka

Jumapili, 8 Februari

Nimemwagilia upande wa chini wote tangu alfajiri. Mashine ya maji imekohoa, ikazima, nikaipiga teke, ikawaka. Mto umeshuka vibaya. Komora, mdogo wangu, alichimba shimo ukingoni ili mashine ikae karibu na maji. Leo ameihamisha mbele zaidi, maana hata pale maji yamekimbia. Shimo ameliacha wazi. Yeye hajawahi kumaliza kazi. Huacha moja akaanza nyingine.

Mahindi yamebeba. Siku si nyingi tutavunja mabichi ya kuchoma. Nikiyaangalia nasahau mgongo.

Jana Mzee Hiribae, kiongozi wa kanisa letu la Sabato, kanipa fungu la kufundisha juma hili. Kutoka, sura ya ishirini na moja mpaka ya ishirini na nne. Nimekasirika, kwa nini nifiche. Yeye alipata Sinai. Ngurumo, moshi, mlima unatikisika, akina mama wakalia. Mimi napewa watumwa, mashimo na ng'ombe wapigao pembe. Na sisi tunavizunguka vitabu vya Musa juma kwa juma kama Wayahudi wenyewe, hakuna kuchagua. Watu wa Idsowe wanatuita Wayahudi wa mtoni. Wacheke. Ila mlima ningeutaka mimi.

Hawo, mke wa mfugaji wa Kiorma, kaleta maziwa mapema, akaenda zake. Chai ilikuwa nzito. Nimekunywa vikombe viwili.

Jumatatu, 9 Februari

Wameingia.

Sina maneno. Ninayo, lakini ni ya kwenda kutubia.

Ng'ombe wa Barisa, mume wa Hawo. Nimewajua kwa mkato wa sikio. Wamevunja boma la miiba asubuhi wakati watu wanakunywa chai, wakala, wakakanyaga, wakanya. Upande wa chini wote umelala. Ule niliomwagilia jana. Nimepiga kelele mpaka koo likakauka. Wa mwisho kutoka alikuwa ng'ombe mweupe, pembe moja imepinda, na alitoka taratibu huku akitafuna. Nimemlaani huyo hasa. Nimemlaani kwa Kiswahili na kwa Kipokomo, achague.

Nimeokota hindi moja lililoliwa nusu nikaketi nalo mavumbini. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jirani akapita, akaniambia hasira hasara. Nikamwambia hasara imetangulia, hasira inafuata nyuma.

Mchana nikafungua Kutoka. Sura ya ishirini na mbili, mstari wa tano. Mtu akiacha mnyama wake akala shamba la mwenzake, atalipa, tena atalipa kilicho bora cha shamba lake mwenyewe. Nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Asante, Musa. Sasa fungu langu nalipenda.

Jumanne, 10 Februari

Kwa chifu. Wazee wetu Wapokomo na wazee wa Waorma wamekaa. Nilikwenda na Biblia na lile hindi. Barisa alikuja na fimbo yake na ukimya wake. Nikasema yangu yote. Nilisema vizuri, mpaka mzee mmoja wa upande wao akatikisa kichwa kunikubalia.

Kisha Barisa akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na ndama. "Pale ni malka. Baba yangu alipitisha ng'ombe pale kwenda maji. Mimi nimerudi kutoka malisho, nimekuta mahindi. Ng'ombe haijui boma. Inajua njia."

Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni, na hakuna mtu hapa asiyejua zilipo. Nikamwambia malka ipo, iko kando ya boma letu. Barisa akatikisa kichwa. Komora akaangalia viatu vyake. Niliona. Nikajifanya sikuona.

Barisa akaongeza: "Na mtamba wako, Mama Salama, alikuwa mbele ya wote. Na yeye nimshtaki?"

Wakacheka. Pande zote mbili. Hata chifu.

Ni kweli ninaye mtamba katika zizi la Barisa. Marehemu mume wangu aliweka ng'ombe kwake, kama walivyofanya watu wengi wa mtoni, maana sisi na kuchunga ni mbali na mbali. Mama wa mtamba alikufa ukame uliopita, akabaki huyo. Ndiye mali yangu pekee yenye miguu. Na kumbe ameniingilia shambani akiwa kiongozi wa msafara. Nimeaibika. Nilitaka kumrushia Barisa lile hindi.

Chifu kasema atakuja kuangalia mpaka wa shamba juma lijalo. Juma lijalo! Mahindi yameliwa juma hili.

Hawo hajaleta maziwa. Chai ya rangi. Nimeinywa kwa kiburi, haikushuka vizuri.

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Nilitaka kupata la kumkomesha Barisa.

Ule mti wa mkoma wenye vichwa viwili ulikuwa alama ya malka tangu sijaolewa. Ulikuwa nje ya boma. Sasa uko ndani. Siku zote hizi nikichoka kumwagilia nauegemea, napumzika, nakunywa maji, wala sijajiuliza umeingiaje.

Nikamshika Komora. Akasema mvua za vuli ziliponyesha Waorma walikuwa mbali na mifugo yao, malka ikaota nyasi, udongo mzuri, akalima. "Dada, ilikuwa tupu."

Tupu! Njia yoyote ni tupu kama hapiti mtu. Hili ndilo kosa letu sisi watu wa mtoni, na hatulikomi: mvua ikinyesha twadhani ng'ombe wamekwisha duniani. Kisha kiangazi kinakuja na kiu yao, nasi tunashangaa kama wageni.

Nimemtukana Komora. Halafu nikamtukana Barisa moyoni, maana hata kama ni malka, mahindi ni mahindi, na anayechunga ana macho.

Sijamwambia mtu. Jumamosi nitafundisha ule mstari wa tano, kama nilivyopanga. Mkoma haumo katika Kutoka.

Alhamisi, 12 Februari

Mikono haishiki kalamu vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Saa sita, jua utosini, nikasikia watu wanapiga kelele ukingoni. Nikakimbia na jembe mkononi. Ng'ombe katumbukia katika shimo la Komora. Mweupe, wa pembe iliyopinda. Walikuwa wanasukumana kwenye upenyo uliobaki kati ya boma letu na kichaka, kiu imewatia wazimu, yeye akawa pembeni. Mguu wa mbele umevunjika, mfupa uko nje. Alikuwa anakoroma.

Komora kafika kabla yangu. Ana panga. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akacheka. Nikamwambia aliyeingia siye aliyechimba. Akasema anataka kummaliza, kwa huruma. Huruma gani yenye meno nje?

Ninajua, na yeye anajua. Ng'ombe wa Muislamu akifa kwa mkono wa Komora, wenyewe hawagusi nyama ile. Na hapa kwetu panga la mkulima likishamgusa ng'ombe wa mfugaji, haliishii kwa ng'ombe. Tumezika watu hapa. Tumezika wa kwetu, nao wakazika wa kwao, na Komora alibeba jeneza.

Nikashuka shimoni. Sikufikiri. Nikasimama kati ya shingo ya ng'ombe na panga la ndugu yangu, nikamwambia akitaka aanze na mimi. Alinitukana. Nilimtukana zaidi. Na wakati wote ule yule ng'ombe nilikuwa bado namchukia. Pumzi yake ilikuwa inanipiga miguuni, inanuka mahindi yangu.

Barisa akaja na kamba na ndugu zake. Akaona panga. Akaniona mimi na jembe. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Toka, mama," kwa adabu, akanipa mkono nikapanda.

Wakafunga kamba. Wakavuta. Hawatoshi. Nikashika kamba nyuma ya Barisa. Majirani wa kwetu walikuwa wamekunja mikono, mmoja akashika, kisha mwingine. Komora hakushika. Tulivuta kwa sauti moja, Kiorma na Kipokomo, kila mtu akihesabu kwa kwao. Katika fungu langu imo: ukimwona mnyama wa adui yako ameanguka, mwinue pamoja naye. Hilo "pamoja naye" limeniudhi leo kuliko neno lolote. Kumwinua ningemwinua. Ila ningependa mwenyewe awe hayupo.

Akatoka. Lakini mguu ule haukuwa mguu tena. Barisa akamlaza, akamwelekeza kibla, akamchinja mwenyewe.

Hawo alikuwa amesimama kando na kibuyu chake kitupu. Hakulia. Akanitazama, akasema, "Hii ndiyo ng'ombe ya chai yako, Mama Salama."

Miaka yote hii sikuwahi kumwuliza maziwa ni ya ng'ombe yupi.

Ijumaa, 13 Februari

Nina hasira na sijui niiweke wapi. Kila ninapoiweka inanirudia.

Nimesoma fungu tena kabla jua halijazama. Sura ya ishirini na moja, mstari wa thelathini na tatu. Mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Uko kabla ya mstari wangu mwekundu, hata ukurasa haujageuka. Jumatatu niliupita nikikimbilia wangu.

Musa, mbona hukunishika mkono Jumatatu? Mbona umeyaweka yote mawili, la kwake na la kwangu, mtu asipate pa kusimama akamnyoshea mwenzake kidole?

Jibu nalijua. Silipendi.

Mchana Komora alipita hapa kuuliza kama nitataja shimo kesho. Nikamwambia aje asikilize. Sabato inaingia. Naweka kalamu.

Jumamosi, 14 Februari, jua limeshazama

Nimefundisha.

Watu walijaa mpaka nje ya bati. Hata wasiosali nasi walikuja, walitaka kuona nitakavyomchapa Barisa kwa Maandiko. Komora kiti cha mbele, shati jeupe.

Nikasema juma lililopita mlisikia ngurumo mkatetemeka. Sasa moshi umeondoka, na mara tu baada ya mlima Mungu anauliza habari za mashimo yenu. Nikasoma wa shimo. Nikasoma na wa malisho, maana mahindi yangu hayakujila. Nikasoma wa mnyama wa adui. Kisha nikasema: shimo ni la nyumba yetu. Liko kwenye malka. Boma letu limeimeza malka, nami nimejua tangu Jumatano nikanyamaza.

Mtu mmoja nyuma akaguna.

Komora akasimama. Mlangoni akageuka, akasema, "Umetuuza kwa Waorma, dada. Kwa kikombe cha chai."

Ndugu yako anajua pa kukuchoma. Nilishika meza. Nilikuwa natetemeka, na haikuwa toba. Ilikuwa hasira tupu: kwa Komora, kwa Barisa, kwangu, kwa ng'ombe wote wa Tana na mto unaowaita. Akina mama wakadhani Roho ameshuka, wakaanza kuimba. Nimewaacha wadhani hivyo.

Mzee Hiribae kaomba maombi mafupi. Haijawahi kutokea.

Jumapili, 15 Februari

Nimetangulia kwa Barisa asubuhi. Sabato hakuna kulipa, leo ruhusa. Nikawaambia mtamba ni wao. Shimo limekula ng'ombe, shimo limelipa. Barisa akasema wazee hawajakaa bado. Nikasema wakae wakitaka, Kitabu hakiwasubiri. Akaniuliza, "Na mahindi?" Nikamwambia mahindi utalipa wewe, usidhani nimesahau. Alikaribia kucheka. Hawo alikuwa anaosha kibuyu kwa moshi, hakuinua uso.

Kisha shambani. Nimekata mahindi yaliyobaki kwenye malka. Nimeng'oa miiba. Nimefukia shimo. Nilikuwa peke yangu. Nikipita kwa Komora nimeona jembe lake limeegemea ukuta, na mlango umefungwa.

Malengelenge ya kamba yamepasuka.

Ng'ombe wakashuka jua lilipopanda. Nilisimama kando ya mkoma, ambao sasa uko nje tena. Walipita wakila mabua yangu, wakaenda kunywa, wakanywa sana. Hakuna aliyesukumana. Nafasi ilikuwa ya kutosha.

Mtamba alikuwa katikati ya wenzake. Kila mara akinikuta mtoni husogea nimkune paji. Leo pia akasogea. Niliweka mikono nyuma.

Hawo akamwita kwa Kiorma. Mtamba akasimama kidogo, masikio yakacheza, akageuka akamfuata.

Nimerudi nyumbani nikachemsha chai. Ya rangi. Nimeinywa yote.