Boflo za Jana

Jumatatu, 4 Machi 1985
Unga umeumuka vizuri leo. Asubuhi kaja msimamizi wa kiwanda kimoja cha chumvi kule Marereni. Ataka mikate, boflo za vibarua wake, kila siku. Ndugu yangu Karisa kafurahi, keshaanza kutaja tanuri la pili. Kisha yule bwana kaeleza anachotaka: boflo za jana, zilizokauka, kwa bei ya chini. Eti vibarua wamezoea. Nimemwambia arudi Alhamisi.

Jumanne
Nimegombana na Karisa mbele ya wafanyakazi. Ati mkate mkavu ndio uliotulea, na shida ndiyo iliyonifanya mfanyabiashara. Upuuzi. Mama alivuna chumvi huko huko Marereni, miguu mitupu, ikapasuka hadi kutoa damu. Jioni alituletea vipande vya boflo vyenye ukungu. Nilivikwangua kwa kisu, nikamrowekea Karisa kwenye maji ya moto. Yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Dada yetu Sidi alikula, akaumwa tumbo, tukamzika. Shida haikunifundisha lolote. Ilinichukulia Sidi. Biashara nilijifunza kwa hasira.

Alhamisi
Msimamizi karudi. Nimemwambia nitamuuzia za leo, kwa bei ile ile aliyotaka. Kakataa. Eti akiwazoesha vibarua vitu vizuri, kesho watadai viatu. Kauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Kacheka.
"Mtoto wa Marereni tangu lini akachagua?"
"Tangu awe na tanuri lake."
Katoka bila kuaga. Karisa naye kavua aproni, kaitupa mezani, kaenda zake. Na aende.

Jumamosi
Nimekodi pikapu na dereva wake, nikapeleka boflo kiwandani mwenyewe. Mlinzi katufukuza langoni. Tukavuka barabara, tukauzia upande wa pili. Vibarua walipotoka, wanawake walisimama mbali kwanza. Mmoja kanisogelea, kaniuliza kwa sauti ya chini kama ni za leo. Nikampa moja aibonyeze. Kaifunga kwenye leso yake, hakuonja hata chembe. Najua anampelekea nani. Nilitaka kupiga kelele. Nikaendelea kuuza. Zimekwisha zote.

Jumapili
Mvua kidogo. Karisa kaja alfajiri, kanisalimu kwa Kigiriama, basi. Kaosha mikono, kaanza kukanda. Nimemsogezea unga.