Kwa Chepkurui, Aliye Ndani ya Picha Tusiyoruhusiwa Kuiona

Jumatatu tarehe 9 Julai 1956 ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika, Mama Jepchumba. Uliingia katika maji ya ziwa Naivasha saa moja asubuhi, ukatoka saa sita mchana, na tarehe 14 Agosti ukatuacha. Leo mwaka umezunguka tangu tukulaze. Naandika haya mimi mwenyewe, yatoke gazetini. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo anayesoma asihesabu makosa, ashike neno.

Chepkurui, watu hupenda kumsifu aliyekufa hata kama alikuwa mchoyo. Mimi nilikusifu ukiwa hai, mpaka mama yako akawa ananiambia nipunguze. Ukisonga ugali ulikuwa unaongeza konzi moja ya unga, na nikiuliza ni ya nani, unasema, "Ya mtu ambaye bado hajafika." Na kweli alikuwa anafika. Ulikuwa unagombana na kuku kama unagombana na watu wazima. Ulibeba madebe ya maziwa ya shamba miaka sita, kutoka mahali tunapokamua mpaka nyumba ya kupozea, hadi bega lako la kushoto likashuka kidogo kuliko la kulia. Ungepita kati ya wanawake mia, ningekujua kwa mgongo tu. Hilo bega nalitaja kwa sababu.

Wale watu wa picha za sinema walikuja shambani na malori matano. Karani wa shamba, Naftaly, alituita tujipange mbele ya laini, zile nyumba za wafanyakazi, na mzungu mmoja wa kaptura akapita akituangalia kama mtu anayenunua ng'ombe. Sisi wanaume tuliambiwa tutakuwa wapagazi. Tukapewa masanduku, kumbe ndani hakuna kitu, halafu tunaambiwa tutembee kama tumelemewa. Ulikaa chini ukacheka ukashika mbavu.

"Baba Jepchumba, kumbe nimeolewa na mwigizaji!"

"Nyamaza, nitaangusha."

"Utaangusha nini? Hewa?"

Halafu Naftaly akauliza wanawake, ni nani anajua kuogelea. Wewe ulizaliwa kando ya ziwa Baringo, ukainua mkono. Mimi nilikuwa mbali na sanduku langu. Ningesikia ningekataa. Kwa karatasi yake hakuandika Chepkurui, aliandika "Mwanamke 4". Nilipomwuliza, alisema majina yetu ni marefu. Lakini jina la mbwa wa bwana mkubwa wa picha aliliandika lote, na lilikuwa refu kuliko lako.

Kazi yako ilikuwa kuwa mgongo wa Bibi Leoni. Huyu Bibi Leoni alikuwa mwigizaji mweusi kama sisi, ametoka London. Katika hadithi yao yeye ni binti wa chifu, anatoroka kwa mtumbwi, mtumbwi unapinduka. Yeye hajui kuogelea, na kampuni ilikuwa imesema asiguswe na maji. Basi ukionekana uso, ni wake. Ukionekana mgongo majini, ni wako.

Mimi nilimshuku hata yeye. Nilidhani kwa ndani ni mzungu, rangi tu ndiyo nyeusi. Lakini hoteli ya wazungu ilikataa kumlaza, mwigizaji aliyeletwa kwa ndege, na wenzake wazungu wakalala huko huko wakamwacha. Alilala kwa Mwalimu Hiram, mwalimu wa shule ya shamba. Jioni ulikuwa unampelekea maziwa, mnakaa nje mnaosha miguu katika karai moja, Mwalimu anatafsiri. Siku moja nilikuwako. Alisema ameigiza katika picha kumi na mbili, na katika kumi na moja kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kupokea koti la mzungu na kusema, "Ndiyo, bibi."

Ukamwuliza, "Na huko kufungua mlango ulisomea?"

Mwalimu aliogopa kutafsiri. Alipotafsiri, Bibi Leoni alicheka mpaka maji ya karai yakamwagika. "Miaka mitatu," akasema. "Na cheti ninacho."

Halafu akaacha kucheka. Akasema hii ndiyo picha ya kwanza aliyopewa jina, na maneno marefu ya kusema mwishoni kabla ya kufa. Kwao, akasema, mweusi akipewa kazi nzuri leo, kesho anarudishwa mlangoni, na anaambiwa ashukuru. Hata hivyo akasema uso wako una kitu, na kwamba akipata nafasi angetaka uende naye ujaribu. Uliniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe. Hilo ni kosa langu na simsingizii mtu.

Sasa ile Jumatatu. Wote wanaojua Naivasha wanajua baridi ya Julai. Bwana mkubwa wa picha alisimama juu ya lori, amevaa makoti mawili, ameshika mdomoni bomba la bati la kukuzia sauti. Kila ukitoka majini anasema, "Tena!" Mara jua limejificha, mara ndege amepita, mara mtumbwi umepindukia upande mbaya. Mara kumi na moja. Nilihesabu. Ukitoka walikuwa wanakufunika gunia. Blanketi lilikuwako, niliona kwa macho yangu, lilikuwa limefunika mashine.

Nilimwendea Naftaly. "Mwambie inatosha."

"Mwambie wewe."

"Mimi sijui Kiingereza."

"Basi nyamaza kwa Kiswahili."

Aliyepiga kelele ni Bibi Leoni. Sijui alisema nini, lakini bwana mkubwa akashuka kwa lori. Na Jumatano, kwa ajili ya huyo Bibi, walikupa kitu chako mwenyewe, na uso wako: usimame mlangoni mwa nyumba ya chifu, uimbe ule wimbo wa kumlaza mtoto wetu Jepchumba, halafu umwambie binti wa chifu neno moja kwa Kitugen, lugha ya kwenu, kwamba arudi. Mimi nilikuwa ninakamua, sikukuona. Uliporudi ulikuwa unakohoa na kucheka kwa pamoja. Ukasema, "Nami nimesimama mlangoni, lakini mimi sikumfungulia mtu."

Malori yaliondoka Ijumaa. Kabla ya mwisho wa mwezi hukuweza kuinua debe. Dresa wa shamba, yule mgawa dawa, alikupa vidonge vya malaria, nikamwambia hii si malaria, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimwomba meneja gari likupeleke Nakuru, akasema gari lina kazi. Siku ya tatu tukapanda juu ya lori la kabichi. Daktari aliandika mapafu. Nilimweleza habari ya maji, mara kumi na moja, akasikiliza yote, lakini kwa karatasi hakuandika. Baadaye meneja aliwaambia watu kwamba ulikuwa na kifua tangu utoto. Nani alimwambia? Mama yako yuko hai na hakuna mtu aliyemwuliza.

Sasa sikia kinachonifanya nikuandikie mbele ya watu. Hatuna picha yako, Chepkurui. Mimi nina kipande changu, ile karatasi ya utambulisho yenye alama ya kidole. Wewe hukuwa na karatasi yoyote duniani isipokuwa ile ya kifo. Mtoto ana miaka mitano. Mwezi wa Mei aliniuliza, "Baba, mama alikuwa na uso wa nani?" Nikamwambia, wako. Akaenda kuinama juu ya ndoo ya maji, akakaa sana, akarudi akasema, "Huyo ni mimi tu."

Kwa hivyo uso wako uko mahali pamoja tu, kwa picha ya wale watu. Ikiwa uko.

Februari ilikuja barua ya Bibi Leoni, imeandikwa jina lako, kwa maana hakujua. Ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa tena, na siku hizi za Hali ya Hatari hakuna wa kuulizwa. Mwalimu Hiram alitusomea. Bibi amerudi kufungua milango. Yale maneno yake marefu ya mwisho wameyatoa, sasa binti wa chifu anakufa bila kusema kitu. Halafu barua ikasema, "Kuhusu wimbo wako mlangoni," na ukurasa ukaishia hapo. Ukurasa wa pili haukuwemo. Mwalimu alimjibu, akamweleza kwamba umefariki, akamwuliza habari ya ule wimbo. Mpaka leo kimya. Labda hakujibu. Labda alijibu.

Mimi siku hizi nafanya kazi hapa Nakuru mjini. Jirani yangu Hezekiah anafagia katika sinema moja, na ndiye huenda stesheni kuchukua mikebe ya filamu. Mwezi uliopita alinijia anatweta. "Arap Kemboi, ile picha yenu imefika. Iko kwa treni." Nilikwenda naye. Mikebe ilikuwa sita, nikaomba nibebe miwili. Niliiweka kichwani kutoka stesheni mpaka mlango wa nyuma wa sinema, nikitembea polepole.

"Bwana, hayo si mayai," Hezekiah akasema.

Sikujua wewe uko katika upi.

Bango lilikuwa limebandikwa ukutani. Mzungu na bunduki, bibi wa kizungu, na chui. Bibi Leoni wamemweka chini kwa kona, chui ni mkubwa kumshinda. Wewe nilikutafuta hata nyuma ya nyasi.

Hapo ndipo nikaambiwa kwamba picha hiyo haikupitishwa kwa Waafrika. Nilikwenda kwa ofisi niliyoelekezwa, nikavua kofia, nikaeleza. Karani, mweusi mwenzangu, hakuinua macho.

"Mzee, hii si ya Waafrika."

"Bibi yangu yumo ndani."

"Ndani wanaruhusiwa. Kukaa mbele ndiyo hapana."

Wenzake wakacheka. Nikauliza sababu. Yeye akasema ni bunduki, Waafrika wasione bunduki. Mwingine akasema si bunduki, ni yule bibi wa kizungu anavyovaa. Askari wa mlangoni akaninong'oneza kwamba ni kwa sababu ya binti wa chifu kutoroka, watu wataona kwamba kutoroka kunawezekana. Sababu tatu kwa nyumba moja. Mtu mwenye sababu ya kweli huwa na moja.

Niliomba nioneshwe peke yangu, asubuhi, sinema ikiwa tupu, mimi na mtoto. Kile kipande cha mlangoni tu. Mwenye sinema si mtu mbaya, lakini alisema akikamatwa atafungiwa biashara.

Jumamosi saa kumi alasiri nilimvika Jepchumba ile gauni uliyomshonea, ambayo sasa inamfika juu ya magoti, tukasimama mlango wa nyuma. Tulisikia ngoma. Tulisikia bunduki. Halafu watu wote ndani wakacheka kwa pamoja. Mtoto akanivuta mkono.

"Baba, wanamcheka mama?"

Ningejua kwamba hapana, ningesema hapana.

Hezekiah anaruhusiwa kuingia taa zikiwaka tu, lakini alichungulia kwa pazia mara mbili, katikati na mwishoni. Alipotoka nilimshika shati.

"Umemwona?"

"Niliona mwanamke kwa maji. Mgongo."

"Bega la kushoto lilikuwa wapi?"

"Bwana, mimi niliangalia kidogo tu, nikaitwa."

"Na mlangoni? Anaimba mlangoni?"

"Mlango sikuona. Labda ulipita nikiwa nje. Labda hakuna mlango." Halafu akaona mtoto ananitazama, akaongeza, "Labda upo." Sasa hata Hezekiah simwamini, kwa sababu ananihurumia. Majina ya mwisho alijitahidi kuyasoma, yalikwenda mbio. Hakuona Chepkurui. Hakuona hata Mwanamke 4.

Siku tatu zikaisha, mikebe ikarudishwa kwa treni ikaelekea Uganda. Mwalimu Hiram ameandika barua mbili kwa Kiingereza kizuri, moja kwa kampuni ya picha na moja kwa wale wa Nairobi wanaokata picha na kuzipitisha. Mpaka leo hatujapata hata ya kutuambia tuache kusumbua.

Mama Jepchumba, sikuandika haya kukuondolea usingizi. Huko uliko najua umeshagombana na mtu na mmeshapatana. Nyumba inafagiliwa. Kuku wako wawili wako kwa mama yako. Mtoto anakula vizuri, na akicheka anaketi chini, nani alimfundisha sijui.

Wanaokukumbuka ni mimi mume wako, Kimaiyo arap Kemboi. Mtoto wako Jepchumba. Mama yako Kobilo, wa kule Baringo. Kaka yako Cheboi na nyumba yake. Mwalimu Hiram na bibi yake. Na wanawake wote wa laini ya maziwa, ambao wameniambia niwataje hivyo, wote pamoja. Maadamu mmoja wetu anavuta pumzi, hutasahaulika.

Na nyinyi mliokata ile picha, mnaosoma gazeti hili au mnaosomewa na makarani: ule uso wa mlangoni, mliuacha ndani, au mliutupa wapi?