Mkia wa Kamba ya Mbuzi

Kikwe, 9 Machi 2025

Dada Hanna,

Shikamoo. Hujambo na masomo yako ya maabara huko Dodoma? Sisi wazima, ila mimi nina hasira mpaka ndizi zangu nimewapa mbuzi. Jana sokoni Tengeru jamaa mwenye spika kamsalimia Bibi kwa Kimeru, basi Bibi kalegea! Kamuuzia matone ya kurefusha telomia. Eti zikirefuka, presha inajifia yenyewe. Sasa Bibi kaacha vidonge. Nimemwambia katapeliwa, kanijibu, "Wewe uliyeishia kidato cha pili unajua nini?" Mimi! Fundi wa kamba za mbuzi kata nzima! Niambie hizo telomia ni nini, nimnyooshe mtu.

Mdogo wako,
Elisaria

Dodoma, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila habari hii imenikera. Ndani ya seli kuna kromosomu, nyuzi zinazobeba maelekezo ya mwili. Telomia ni ncha zake. Zinazuia nyuzi zisiharibike wala kugandana. Seli ikigawanyika, uzi hunakiliwa, ila ncha hainakiliwi mpaka mwisho. Telomia inapungua kidogo, maelekezo yanabaki salama. Ikifupika mno, seli inaacha kugawanyika. Na kurefusha hovyo si heri: seli nyingi za saratani hurefusha zake, ndiyo maana hazikomi kugawanyika. Presha ya Bibi inataka vidonge. Fanya upesi, bwana mdomo!

Dada yako,
Hanna

Kikwe, 16 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Nilikaa kimya kwa sababu Alhamisi Bibi alianguka kwenye shamba la kahawa. Zahanati wamemshusha presha, yuko nyumbani, ulimi mkali vilevile. Vidonge bado akakataa! Nikamletea kamba. "Bibi, mkia huu na fundo lake ndiyo telomia. Mbuzi akitafuna, anakula mkia, kamba inabaki. Nikikata fundo je?"

"Inafumuka."

"Haya, paka matone yako, mkia urefuke."

Kapaka! Tukaikodolea macho kamba: urefu uleule. Mwisho akasema, "Na mtu yule alinisalimia kwa lugha ya mama yangu." Hilo ndilo limemuuma.

Jana nimemfuata tapeli na kamba begani. Kahama soko, mwoga mkubwa! Bibi je? Kaiosha chupa ya matone, kajaza maji, kasukumia kidonge. Anasema chupa haina kosa.

Mdogo wako, fundi,
Elisaria