Dole Gumba la Anneth na Mpira wa Kufungia Viazi

Dada Fidelia, kamwene! Nakusoma kila gazeti linapofika hapa sokoni Makambako, hata lile lililofungiwa maandazi nalikunjua nikutafute, na leo ni zamu yangu kukusumbua kwa sababu nina furaha mpaka inanikosesha raha.

Mimi ni mama yake Anneth. Ukipita Makambako muulize yeyote anayeuza viazi, atakuambia, maana Anneth ndiye binti wa kwanza kukabidhiwa ile pikipiki ya matairi manne katika shamba kubwa la maparachichi upande wa Njombe, anapanda nayo vilima akivuta tela la miche, anashuka mabondeni kukagua mabomba ya maji, kavaa kofia ngumu na mabuti, ukimwona utadhani anakwenda kulinda mpaka, na ujasiri huo ni wangu kabisa, baba yake Sadock alichangia urefu tu.

Sasa yuko kwenye majaribio. Jumamosi ijayo msimamizi atafuatana naye shamba zima, asubuhi mpaka jioni, akimaliza vizuri anaajiriwa moja kwa moja, akishindwa mashine inarudi kwa Stanley, yule kijana aliyekuwa akiiendesha kabla yake na sasa kapelekwa stoo, naye anaisubiri kama fisi.

Shida ni dole gumba. Mashine hiyo mafuta yake hayazungushwi kwenye mshikio kama bodaboda, kuna kikono kidogo unakisukuma kwa dole gumba la kulia, na ukikiachia tu mwendo unapungua. Nilijuaje kuwa linamuuma? Jumapili nilikwenda kumtembelea kwenye nyumba za wafanyakazi, nikampikia ugali, mara namwona anachukua kijiko.

"Anneth, ugali kwa kijiko? Umekuwa mgeni kwa mama yako?"

"Mama, we kula tu."

"Nile nini? Nipe huo mkono!"

Dada Fidelia, dole lilikuwa halikunjiki, halibonyezi tonge. Akaniambia ikifika mchana linawaka moto mpaka kwenye kiwiko, anaendesha ameuma meno, na msimamizi hajui lolote, maana Stanley alishamcheka mbele ya watu, "Dada, hilo dole ni la kubonyezea ugali, mafuta tuachie sisi." Na sasa hata huo ugali halibonyezi!

Mimi si mama wa kukaa kulia. Nilikuwa nimeshamfumia glavu za sufu, nyekundu, nene kweli kweli, kwa ajili ya baridi ya Njombe, nikaona nimalize kazi. Unajua viazi vyangu nafunga kwa mpira uliochanwa kwenye tyubu ya tairi, na gunia nililolifunga mimi halijawahi kufunguka njiani, waulize wenye malori. Basi nikatoka nje ilikoegeshwa mashine, nikautoa mpira kwenye mkoba, nikauzungusha kwenye mshikio pamoja na kile kikono, nikakaza, ili mafuta yakae yamebonyezwa yenyewe na dole la mwanangu lipumzike. Anneth akacheka, akapanda, akawasha, akaingiza gia, mashine ikaruka kama mbuzi aliyeona chui, ikaingia bustanini kwa jirani yake Paskalina, mtoto akawahi kuizima kwa ufunguo katikati ya kabichi. Hakuumia. Mimi nilikuwa nimeshapiga vigelegele, nikidhani ndio mwendo wenyewe.

Sasa niambie, nifunge fundo gani lisikaze sana, maana wazo ni zuri, na Anneth yuko tayari tujaribu tena kabla ya Jumamosi? Na je, aendelee kumficha msimamizi? Natamani aajiriwe mpaka nasikia joto kifuani, lakini pia nataka mtoto mwenye mkono.

Mimi Mama Anneth wa viazi, Makambako

Fidelia anajibu

Kamwene, Mama Anneth, na hongera kwa binti. Nilikuwa nakusoma huku nacheka, nilipofika kwenye mpira nikachukua kalamu haraka.

Fundo ninalolijua kwa kazi hiyo ni kuuchukua huo mpira na kuurudisha kwenye magunia. Leo. Kile kikono kimetengenezwa kirudi chenyewe mtu akikiachia, na kurudi huko ndiko kunakomwokoa mwanao akiteleza au akirushwa. Wewe ulikifunga kama gunia. Safari hii mlikuta kabichi. Kwenye mteremko, na tela la miche nyuma, angekuta nini? Mwombe radhi Paskalina, umpelekee na viazi.

Sasa dole. Mashine ilikuwa ya Stanley, na bila shaka kikono bado kimekaa kwa kipimo cha mkono wake. Fundi wa shamba alegeze skrubu, akigeuze mpaka dole la Anneth likifikie bila kupinda kifundo cha mkono, juu wala chini. Asafishe waya wa mafuta na kuulainisha, maana waya uliojaa vumbi ni mzito kuusukuma. Akimaliza akibonyeze na kukiachia: kirudi papo hapo, kisiporudi mashine isitoke. Kama bado kiko mbali, kuna kipande cha kuongezea upana wa kikono, aombe.

Glavu zako, mama, nzuri sana, azivae akienda kanisani. Unene ule unamlazimisha kukamua mshikio kama anafua blanketi. Kazini avae nyembamba zinazozuia upepo. Asing'ang'anie mshikio, na asukume kwa shina la dole badala ya ncha. Kila anaposimama kukagua bomba afungue kiganja, akikung'ute. Kuanzia sasa mpaka Jumamosi aupumzishe mkono kila anapoweza, na maumivu yasipopungua, au akiona ganzi au uvimbe, aende hospitali, Jumamosi au si Jumamosi.

Kuhusu kuficha, hapo nakugombeza wewe na yeye. Dereva anayeficha maumivu ndiye anayepoteza kazi, kwa sababu dole likigoma mlimani msimamizi ataona dereva mbaya, hataona kikono kibaya. Kesho asubuhi Anneth aende amwambie: "Bosi, mashine bado imewekwa kwa mkono wa Stanley, naomba fundi airekebishe kwa mkono wangu." Hapo hajalalamika, amezungumza kama mwenye mashine. Na Stanley awepo asikie.

Jumamosi jioni panda gari uende ukampikie. Weka ugali mezani, kijiko kifiche. Usimkatie tonge, usimshike mkono, kaa utazame tu. Akilibonyeza mwenyewe kwa lile dole, likaingia kwenye mboga, hapo ndipo upige vigelegele.