Nilimwambia Bwana Yuko Mlangoni, Akakimbia na Nywele Nusu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafunga saluni na mdomo wangu pamoja, maana nimeharibu na sijui nianzie wapi kutengeneza.

Mimi ni msusi, nafanya kazi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yeye anaosha vichwa na mimi nasuka, na huyu wifi sijui nikueleze vipi, kila anayeingia pale anaondoka na habari za Yesu lakini hutamsikia akihubiri hata siku moja, mteja akishalaza kichwa kwenye beseni wifi anamwambia "pole na kazi, mama," halafu ananyamaza, anasugua taratibu, na yule mtu ambaye hajawahi kumwona maishani anaanza kusema mwenyewe, mara mtoto anaumwa, mara kazini wananionea, na wifi anaitikia tu "eeh... pole... ikawaje?" mpaka mwisho ndipo anauliza, "Nikuombee?" na mtu akikubali anaombewa palepale kwa sauti ya chini, povu likiwa bado kichwani, akikataa wifi anasema haya mama, hakuna neno, na anamwosha kwa upole uleule. Watu wanarudi hata nywele zikiwa hazina shida! Kuna muuza mitumba jirani alikuwa anamtania kila siku, "Shikamoo, mchungaji wa beseni," sasa anakuja ibadani na mkewe na ndiye anayepanga viti. Nampenda wifi yangu na namwonea wivu, nisikufiche, maana mimi nimeokoka zamani na sijamwambia mgeni hata mmoja habari za Yesu, nikitaka kuanza ulimi unakuwa mzito.

Basi Jumapili mhubiri akatuambia Bwana amesimama mlangoni kwa kila mtu, tukawaambie, nikasema liwalo na liwe, nikafanya mazoezi mbele ya kabati la kioo mpaka mume wangu akaniuliza, "Unazihubiria nguo?" Nikamwambia aniache. Siku moja wifi akatoka kwenda kuchota maji, nikabaki na dada mmoja mpole, mgeni mtaani, ambaye kila akija anaomba kiti cha ndani kabisa, nimefika katikati ya kichwa, nikaona saa ndiyo hii, nikainama nikamnong'oneza sikioni:

"Dada, Bwana yuko mlangoni."

Akakakamaa. "Bwana gani?"

"Bwana wako! Amekutafuta siku nyingi. Popote ulipojificha anakuona."

Nikaona machozi yanamtoka, nikajua moyo umeguswa, nikakoleza. "Usiogope, anakupenda. Leo haondoki mpaka umfungulie."

Shangazi! Yule dada aliruka kutoka kwenye kiti chanuo likiwa bado kichwani, akapiga teke beseni, akatokea mlango wa uani miguu mitupu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na mimi huyo nyuma yake napiga kelele mtaa mzima unasikia, "Dada! Huwezi kumkimbia Bwana!"

Wifi aliporudi nikamsimulia nikitegemea anipongeze. Akatua ndoo, akajishika kichwa. Kumbe yule dada alimweleza wifi siku ya kwanza alipooshwa kwamba amemtoroka mumewe aliyekuwa akimpiga, na amejificha kwa rafiki yake, na wifi hakumwambia mtu, hata mimi ninayekula naye sahani moja. "Wifi yangu," akaniambia polepole, "bwana uliyemtaja ndiye huyohuyo anayemkimbia." Nililia mpaka wateja wakaanza kunipa pole mimi.

Wifi alikwenda huko akabisha hodi, rafiki mtu akajibu bila kufungua kwamba hayupo, lakini wifi akasikia mtu analia ndani na mabegi yanaburutwa. Yule dada anaamini mumewe ametutuma. Wifi anasema asipousikia ukweli kwangu mimi niliyetamka maneno yale hataamini, kwa hiyo twende wote. Mimi nimekataa. Naogopa nikifungua mdomo nitaharibu zaidi, nimemwambia kila mtu ana kipawa chake, yeye aseme, mimi nisuke. Je, nakosea? Na je, niache kabisa kuwaambia watu habari za Yesu?

Ni mimi,
Msusi wa Ulimi Mzito

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, Mungu anisamehe, halafu nilipofika penye mabegi kicheko kikanikauka. Mtoto wa watu anafunga mizigo ahame kwa hofu uliyomtia wewe, nawe umekaa unaniandikia mimi? Mhariri alitaka barua yako isubiri zamu yake, nimekataa katakata. Nimekupigia simu kwa namba uliyoweka, kila nikipiga naimbiwa kwaya. Pokea simu, bwana! Ona sasa, hata mimi neno limenitoka.

Kabla sijaendelea kukugombeza, nikusifu. Ulithubutu. Wengi tunaojiita waumini tunaweza kukaa na mgeni kutwa nzima tukazungumzia mvua na bei ya sukari, kisha tukaagana. Wewe ulikuwa na kitu kizuri ukataka na mwenzio apate. Hilo usilionee haya kamwe.

Lakini haraka haraka haina baraka. Ulimwambia mtu jambo kubwa kuliko yote kabla hujamuuliza hata amelalaje. Umeshuhudia matunda ya wifi yako, kazi yake hukuitazama. Yule mama namvulia kofia. Anasema "pole" na anaimaanisha, anauliza "ikawaje?" na anasubiri jibu, na siri ya mgeni imekaa kifuani mwake hata wewe wa nyumba moja usiinuse. Nani atamsadiki mtu anayeeleza habari za Mungu ikiwa habari za jirani haziwezi kulala kwake? Kwa wifi yako zinalala, ndiyo maana watu wanamsikiliza. Jifunze kwake, na wivu uuache.

Habari ya kipawa usiniletee hapa. Kusema "nilikosea" hakuna kipawa chake. Na kunyamaza moja kwa moja nako nakukatalia. Endelea kumshuhudia Yesu, ila mtaje kwa jina lake, Yesu. "Bwana" ni neno tamu kwetu tuimbao. Kwa mwanamke aliyepigwa na bwana wake, linauma. Msikilize mtu kwanza, utajua umwambie neno gani.

Sasa inuka. Funga saluni leo hii, mchana, uende na wifi yako. Msimuulize mtu njiani, msiongozane na mtu mwingine, na ole wako uwapelekee wenzako wa kikundi cha maombi jina la dada huyu na mahali alipo. Hayo si maombi, ni umbea uliofumba macho. Mchukulieni viatu vyake. Mkifika simameni mbali kidogo na mlango, mahali anapoweza kuchungulia dirishani akaona ni wanawake wawili tu. Usihubiri. Usianze kulia, maana atalazimika kukubembeleza wewe. Sema kwa sauti yako ileile aliyoisikia sikioni ili aitambue. Asipofungua, rudia mara moja, weka viatu chini, uondoke kwa adabu. Akifungua, mwache aseme yeye, na kama atataka kuhama hata hivyo, msaidieni kubeba mabegi.

Ulitamani sana kumpelekea mgeni habari njema, mwanangu. Kwa mwanamke huyu, leo, habari njema ina maneno mawili, na hakuna wa kumfikishia isipokuwa wewe. Nenda kamwambie: "Mumeo hakuja."