Sufuria Aliyoazima Fundi Betri

Mwenzangu, kaa chini kwanza. Kumbe usahaulifu wa shemeji yako si uzee.

Mwezi mzima ananiita kwa jina la dada yake, mikono inatetemeka, tumbo linamsokota. Leo daktari kasema damu yake imejaa risasi, ile ya kwenye betri za magari anazofufua.

Akamuuliza, "Unaiyeyushia wapi?"

Fundi wa watu akajibu bila wasiwasi, "Kwenye sufuria ya mke wangu. Lakini huwa naiosha kabla ya kuirudisha jikoni."

Anaiosha. Mwenzangu, anaiosha.

Daktari akanigeukia mimi.

Kesho asubuhi naenda na watoto kupimwa damu, na wewe twende. Jumapili ulirudia maharage mara mbili, ukaniuliza nimetia kiungo gani.